Amplifaya iliyounguza transista mara tatu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Moshi

Ndani ya miezi minane amplifaya hii ilitengenezwa mara tatu, na mara zote kazi ilikuwa ile ile: kung'oa transista za mwisho za upande wa kulia zilizokufa na kuweka nyingine. Mara ya kwanza ilidumu wiki tano, ya pili siku tatu, ya tatu karibu miezi minne. Ilipoletwa mara ya nne, kwenye karakana ya redio karibu na Soko la Mbuyuni mjini Moshi, mwenye mali, mwalimu mstaafu wa Rau, alikuja na maombi mawili.

"Kwanza iamke, fundi. Halafu uniwekee zile kapasita kubwa, na transista mbili mbili kila upande, iwe na nguvu."

"Sawa, Mwalimu. Ila leo haiwashwi. Tuanze na kinachoiua."

Transista ya mwisho iliyokufa huonekana haraka, hupimika kwa dakika moja, na dukani ipo. Ndiyo maana mkono wa fundi wengi huishia hapo. Lakini katika amplifaya za aina hii, transista hizo mara nyingi huuawa na kitu kingine kilichoko nyuma yake, na kisipotafutwa kitakula pea mpya kama kilivyokula ya zamani. Kisa hiki kina muuaji mmoja na wasaidizi wake wanne. Kila fundi aliyetangulia alimwondoa marehemu akawaacha wao ndani.

Kifaa chenyewe

Ni amplifaya ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1970, wati 60 kwa kila upande kwenye spika za omu 8. Ina transfoma moja, daraja la dayodi, kapasita mbili kubwa za mikrofaradi 10,000 volti 50, na bodi mbili zinazofanana, ya kushoto na ya kulia. Umeme wa ndani ni volti 45 chanya na volti 45 hasi, njia mbili zinazoitwa reli. Kila bodi inaanza na pea ya transista ndogo inayolinganisha sauti inayoingia na mrejesho unaotoka kwenye njia ya spika. Inafuata transista ya kukuza volti, kisha draiva mbili, yaani transista zinazosukuma zile za mwisho, kisha transista mbili za mwisho za umbo la TO-3, yale ya chuma yenye matundu mawili ya skrubu. Za kiwandani ni 2SD424 kwa NPN, ile ya upande chanya, na 2SB554 kwa PNP, ile ya upande hasi. Transista ina ncha tatu: beisi inayoamuru, na kolekta na emita ambamo mkondo mkubwa hupita. Kila moja ya hizi ina rizista ya emita ya omu 0.33, wati 5.

Katikati ya draiva kuna transista ndogo ya bayasi, yaani ile inayopanga mkondo mdogo unaopita kwenye transista za mwisho hata muziki usipopiga. Mkondo huo ukiwa sifuri, sauti ndogo inakwaruza. Ukizidi, chuma cha kupoza transista, yaani hitisinki, kinapata moto bure. Shika hapo, maana kisa chote kimezunguka transista hiyo ndogo.

Mpango huu ndio wa amplifaya nyingi za kipindi hicho, za Japani, Uingereza na Marekani, kwa hiyo mwenye kifaa cha jina jingine atakuta mambo haya haya mbele yake.

Kilichoonekana kabla ya kuwasha

Kwanza kapasita kubwa zilimwagwa umeme kwa rizista ya omu 100 wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye ganda, sekunde kumi kwa kila moja. Bisibisi haifai kwa kazi hii. Mikrofaradi 10,000 kwenye volti 45 hubeba jouli 10, na cheche yake hula ncha za kapasita na hata njia ya shaba ya bodi.

Fyuzi ya umeme mkubwa ilikuwa ya ampea 10, wakati kibandiko kando yake kinasema 2.5. Fyuzi mbili za ndani zilikuwa zimezungushiwa nyuzi za waya wa spika. Rilei ya kinga ya spika, yaani swichi ya umeme inayokata spika amplifaya ikiharibika, ilikuwa imerukwa kwa waya mnene uliolehemiwa juu ya ncha zake. Hili la rilei ndilo baya kuliko yote. Bila shaka ilikuwa inakataa kufunga, na ilikuwa inasema kweli: kuna volti za moja kwa moja (DC) kwenye njia ya spika. Badala ya kusikilizwa ikanyamazishwa. Siku transista ya kulia ilipopata shoti, volti 45 zilikwenda zote kwenye wufa, spika ya besi, yenye omu 6 za waya. Hizo ni ampea 7.5, wati 340 za joto tupu. Wufa hiyo ya Mwalimu ilikuwa imeungua koili.

Nyuma ya kifaa, swichi ya kuchagua volti ilikuwa kwenye 220. Umeme wa Tanzania ni volti 230 kwa kanuni, lakini kwenye soketi ya nyumba ile Mwalimu aliombwa apime kwa siku tatu kwa mita ya kuazima: saa moja jioni 214, saa nne usiku 244. Piga hesabu. Volti 45 za ndani zinapatikana soketi ikiwa 220. Ikifika 244 zinakuwa 45 × 244 ÷ 220, yaani 49.9. Kapasita zimeandikwa 50. Kila usiku zilikuwa zinafanya kazi ukingoni kabisa mwa uwezo wake, pamoja na kila transista iliyo nyuma yake. Swichi ikisogezwa kwenye 240, usiku ule ule unatoa volti 45.8. Kazi ya bisibisi, nusu dakika, bila gharama yoyote, na hakuna aliyeifanya.

Kisha vipimo vya mita kwenye upande wa kulia, kifaa kikiwa kimezimwa. Transista ya NPN: shoti kutoka kolekta hadi emita, omu 0.3. Rizista ya emita yake imekata. Draiva ya NPN: shoti beisi na emita. Rizista ya omu 10 ya mtandao wa kutuliza masafa ya juu, ile iliyo pamoja na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye njia ya spika, ilikuwa nyeusi kama mkaa. Ukikuta hivyo ujue amplifaya ilikuwa inapiga yenyewe kwa masafa ambayo sikio halisikii, kwa sababu muziki wa kawaida haupitishi mkondo wa maana humo. Bodi ya kushoto ilikuwa salama yote, transista zake zikiwa bado zile za kiwandani.

Transista ya bayasi ya kulia haikuwa mahali pake. Kiwandani huwekwa ndani ya tundu la hitisinki na kubanwa kwa klipu, ili iguse joto la transista za mwisho. Hapa ilisimama hewani, sentimita mbili kutoka kwenye chuma. Klipu haikuwepo tena.

Pea tatu za marehemu

Kwa bahati njema Mwalimu alikuwa ametunza transista zote zilizotolewa, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ushahidi wa aina hii ni adimu, na unafaa kuombwa kila mara kifaa kinapokuja na historia ya matengenezo.

Pea ya kwanza ilikuwa 2N3055 na MJ2955. Ni transista nzuri kwa kazi yake, nazo hupatikana kila duka, lakini kolekta na emita zake zinavumilia volti 60 tu. Katika amplifaya ya ±45, sauti ikipanda hadi karibu na reli ya juu, transista ya upande wa chini hubeba karibu volti 90 peke yake. Zilidumu wiki tano kwa sababu Mwalimu husikiliza kwa sauti ndogo siku za kawaida. Siku sauti ilipofunguliwa, zilivunjika. Kanuni ya kushika: jumlisha reli mbili, ongeza robo, na usinunue transista yenye volti pungufu ya hapo. Hapa 90 na robo yake ni karibu 113, kwa hiyo 120 au zaidi.

Pea ya pili ilikuwa 2SC5200 na 2SA1943, zile bapa. Volti zinatosha, wati zinatosha. Tatizo ni mahali na waya. Kwa kuwa haziingii kwenye matundu ya TO-3, zilifungwa pembeni mwa hitisinki na kuunganishwa kwa waya wa sentimita 12 kwa kila mguu. Transista hizi zina kasi ya megahezi 30, mara nyingi zaidi ya zile zilizokusudiwa na msanifu wa bodi, na waya mrefu kwenye beisi ni koili. Kasi na koili vikikutana kwenye saketi yenye mrejesho, amplifaya inaanza kupiga yenyewe. Hakuna sauti, hakuna dalili, ila joto linapanda na rizista ya omu 10 inaungua. Siku tatu ziliitosha.

Pea ya tatu ilikuwa na maandishi ya MJ15003 na MJ15004. Kama zingekuwa halali, zingefaa kabisa: volti 140, ampea 20, wati 250. NPN ilikatwa kifuniko kwa msumeno wa chuma, ikishikwa kwenye jiliwa, taratibu, pembeni pote. Ndani kilikuwemo kipande cha silikoni kisichofika milimita 2 kwa upande. Kipande hicho hakiwezi kubeba wati 250, hakiwezi hata 60. Kukata ndiyo njia ya hakika, na ukinunua nne, kukata moja ambayo tayari imekufa hakukugharimu kitu. Kabla ya kufa kuna dalili nyingine: maandishi yanayofutika kwa spiriti, kitako chembamba, uzito unaopungua ukilinganisha na ya zamani ya umbo hilo hilo, na bei ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya kawaida.

Kwa hiyo kila pea ilikuwa na sababu yake ya kufa. Mtu angeweza kuridhika hapo, anunue pea halali, afunge kazi. Pea hiyo ya nne nayo ingekufa, maana hakuna kati ya sababu hizo inayoeleza kwa nini zile za kiwandani, zilizodumu miaka zaidi ya arobaini, ndizo zilizoanza kufa.

Trima

Transista za mwisho zote mbili za kulia zilitolewa, draiva zikawekwa mpya. Kwenye bodi hii kila draiva ina rizista ya omu 220 kutoka emita yake hadi kwenye njia ya spika, na hilo ni jambo la kushukuru: amplifaya inaweza kufanya kazi bila transista za mwisho, ili mradi usifunge spika. Mrejesho unabaki, volti zinapimika, na kosa likitokea haliunguzi kitu cha bei.

Kifaa kikawashwa kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme mkubwa. Iwe balbu ya zamani yenye waya ndani, au halojeni ya volti 230. Balbu za LED hazifai hata kidogo, kwa sababu hazibadilishi ukinzani kadiri mkondo unavyopanda, na nyingine zitawaka tu kana kwamba mambo ni mazuri. Balbu iliwaka kwa sekunde moja, ikafifia. Njia ya spika ilisoma milivolti 18. Kati ya beisi za draiva mbili, yaani volti za bayasi, 2.31. Kila kitu sawa.

Kisha trima ya bayasi, yaani rizista ndogo inayorekebishwa kwa bisibisi, iliguswa kwa kijiti kikavu cha mwanzi. Mita ikaruka kutoka 2.31 hadi zaidi ya 7, ikarudi. Ikaguswa tena, ikaruka tena. Huyo ndiye aliyekuwa anatafutwa.

Namna inavyoua ni hivi. Transista ya bayasi hushika volti kati ya kolekta na emita yake kwa uwiano wa rizista mbili: volti ni 0.62 ukizidisha kwa moja jumlisha R1 gawanya kwa R2, ambapo R1 inatoka kolekta hadi beisi, na R2 inatoka beisi hadi emita. Kwenye bodi hii R2 ilikuwa omu 680 isiyobadilika. R1 ilikuwa kiloomu 1.2 mfululizo na trima ya kaboni ya kiloomu 1, ile ya wazi isiyo na kifuniko. Kigusa cha trima kilikuwa kimeunganishwa peke yake, bila kufungwa na mguu wa pembeni. Baada ya miaka zaidi ya arobaini ya vumbi na unyevu wa masika, kigusa kinapoteza mguso kwa sekunde chache. R1 inakuwa imekata. Beisi haipati mkondo, transista ya bayasi inazima, na mkondo wote wa transista ya kukuza volti unasukumwa kwenye draiva. Draiva zinafungua transista za mwisho zote mbili kwa pamoja, chanya na hasi. Reli mbili zinakutana kupitia rizista mbili za omu 0.33. Fyuzi, hata ikiwa ya kiasi sahihi, huyeyuka baada ya silikoni.

Kishindo cha besi, mlango kugongwa, kifaa kusogezwa kufutwa vumbi, chochote kati ya hivyo kingetosha. Na transista ya bayasi kukaa hewani kulizidisha. Chuma kikipanda nyuzi 30, kila transista ya mwisho inahitaji milivolti 60 pungufu, kwa mbili ni 120. Kama transista ya bayasi haisikii joto hilo, milivolti 120 za ziada juu ya omu 0.66 ni miliampea 180 zaidi, na kwa volti 90 hizo ni wati 16 za joto jipya, ambalo linapandisha chuma tena. Gurudumu hilo likishaanza halisimami lenyewe.

Marekebisho

Kubadilisha trima kwa nyingine ya aina ile ile kungerudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na udhaifu wake. Lililofanyika ni kuhamisha trima kutoka upande wa kolekta kwenda upande wa emita. R1 ikawa kiloomu 2.2 isiyobadilika, ikawekwa kwenye nafasi ya ile ya 1.2, na nafasi ya trima ikafungwa kwa waya. R2 ikawa omu 680 mfululizo na trima mpya ya omu 500, ya mizunguko 25, yenye kifuniko, kigusa kikiwa kimefungwa na mguu wa pembeni. Hakuna njia ya shaba iliyokatwa. Trima inasimama juu ya rizista kwenye tundu moja.

Ukipiga hesabu, upana wa volti za bayasi ni ule ule karibu: volti 1.78 hadi 2.63. Tofauti iko kwenye namna ya kuharibika. Kigusa kikipoteza mguso, R2 inakwenda kwenye omu 1,180, volti zinashuka hadi 1.78, transista za mwisho zinafungwa. Hata trima yote ikikata, volti zinashuka karibu na 0.7. Mwenye kifaa atasikia sauti ndogo ikikwaruza, atalalamika, na hakuna kitakachoungua. Bodi ya kushoto ilifanyiwa hivyo hivyo, ingawa trima yake ilikuwa bado nzima. Umri wake ni ule ule.

Transista ya bayasi iliwekwa BD139, kwa sababu ina tundu la skrubu. Ikafungwa kwa skrubu ya milimita 3 juu ya hitisinki, kati ya transista mbili za mwisho, pamoja na maika, kipande chembamba kinachozuia umeme lakini kinapitisha joto, na pasti ya joto, maana mgongo wake umeungana na kolekta. Ukiiangalia upande wa maandishi, miguu kutoka kushoto ni emita, kolekta, beisi. Waya zake tatu zilisokotwa, hazikuzidi sentimita 5, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikalehemiwa kati ya kolekta na emita kwenye bodi.

Transista za mwisho za kulia ni MJ21194 na MJ21193, TO-3, volti 250, ampea 16, wati 250, zilizoagizwa kwa msambazaji anayetoa risiti yenye namba ya toleo. Draiva ni MJE15032 na MJE15033. Kila beisi ya mwisho ilipewa rizista ya omu 2.2 kwenye soketi yenyewe. Matundu ya bodi yakarudi kama yalivyokuwa, waya za sentimita 12 zikatupwa. Maika mpya, pasti nyembamba kiasi cha kuona chuma kwa mbali chini yake, na kabla ya kulehemu chochote kipimo cha omu kati ya kila kolekta na hitisinki. Isiposoma kabisa, endelea. Maika moja ya zamani ilikuwa na ufa usioonekana bila kuiweka mbele ya taa.

Rizista ya kutuliza ikawekwa omu 10 wati 2 ya oksaidi ya chuma. Ya waya uliozungushwa haifai hapo, kwa kuwa yenyewe ni koili. Kapasita ya mrejesho ya mikrofaradi 100 ilikuwa imekauka hadi 31, na za bodi ndogo zote, jumla kumi na moja kwa pande mbili, zilibadilishwa.

Ombi la nguvu

Kapasita kubwa za zamani zilisoma mikrofaradi 6,100 na 8,700, na moja ilikuwa na kitako kilichovimba. Hizo ni za kutoka bila mjadala. Mwalimu alikuwa ameshanunua mbili za 22,000. Zilizowekwa ni za 10,000, volti 63.

Sababu ni hesabu, si ubahili. Pande zote mbili zikitoa wati 60, kila reli inatoa wastani wa ampea 2.5. Kati ya chaji moja na nyingine, kadiri ya milisekunde 8 kwa umeme wa hezi 50, kapasita ya 10,000 inashuka volti 2. Ya 22,000 inashuka 0.9. Faida ni volti 1.1 kwenye kilele: kutoka wati 72 kwenda 77 kabla ya sauti kukatika kichwa. Hizo ni desibeli 0.3, sikio haliwezi kuzitambua. Gharama yake ni kubwa kuliko faida. Transfoma na daraja vinachaji kwa misukumo mifupi na mikali zaidi, mkondo wa kuwasha unadumu muda mrefu zaidi, na ndipo mtu anapojaribiwa kurudisha fyuzi ya ampea 10.

Transista za pili hazileti wati hata moja kwenye omu 8, kwa sababu kinachopanga wati ni volti za reli. Zingesaidia kubeba mzigo wa omu 4. Hapo ndipo ilipobainika kwamba Mwalimu hupiga pea mbili za spika kwa pamoja, sebuleni na barazani, swichi ya A na B zikiwa zimebonyezwa zote. Omu 8 kwa omu 8 ni 4, na joto la juu kabisa ambalo pea ya transista italazimika kumeza linaruka kutoka kama wati 40 hadi 80. Hitisinki hii haikutengenezwa kwa 80. Spika za baraza ziendeshwe na kifaa kingine kidogo. Hilo ndilo alilokubali.

Kuwasha na kupima

Rilei mpya ya volti 24 iliwekwa pamoja na bodi ndogo ya kinga yenye saketi ya µPC1237. Ufungaji wake una siri moja inayostahili kufuatwa: spika iwe kwenye mguu unaotembea, amplifaya kwenye mguu unaofungwa rilei ikivuta, na mguu wa tatu uende ardhini. Rilei ikifunguka ikiwa na volti 45 za moja kwa moja, cheche inaweza kuendelea kuruka kati ya ncha. Kwa mpango huu cheche inaishia ardhini na fyuzi inakatika, spika ikiwa salama.

Trima ziligeuzwa hadi bayasi ya chini kabisa, kifaa kikawashwa kwa balbu ya wati 60, kisha ya 100, kisha moja kwa moja kwa fyuzi ya ampea 2.5 ya kuchelewa. Bayasi haipangwi kwenye balbu, kwa sababu reli zinakuwa zimeshuka. Kwa umeme kamili, mita juu ya rizista moja ya emita: milivolti 15 kwanza, kifuniko kikarudishwa, dakika 20, kisha milivolti 20. Hizo ni miliampea 60. Baada ya saa moja ilisoma 21 kulia na 19 kushoto.

Mzigo wa majaribio haukuwa spika. Vipashio vitatu vya birika la umeme, kila kimoja wati 2000, yaani kama omu 26, vilifungwa sambamba ndani ya ndoo ya maji: omu 8.8. Kwa toni ya hezi 1,000 kutoka kwenye simu, upande wa kulia ulifika volti 25.2 kabla ya kichwa cha wimbi kukatika kwenye osiloskopu, na wa kushoto 25.1. Kisha nusu saa kwa volti 13.3, kiasi cha wati 20, maana amplifaya za aina hii hupata joto zaidi katikati kuliko kwenye nguvu ya mwisho. Chumba nyuzi 29, hitisinki 61. Bayasi ilipanda hadi milivolti 24 na ikarudi 20 ndani ya dakika kumi baada ya toni kuzimwa. Hilo la kurudi ndilo lililosubiriwa, kwani ndilo linaloonyesha transista ya bayasi inasikia joto. Kijiti cha mwanzi kilipita kwenye trima zote mbili mara kadhaa. Mita haikutikisika.

Wiki sita baadaye kifaa kilirudishwa kwa makubaliano, kikafunguliwa na kupimwa tena bila kuguswa kitu. Kulia 20, kushoto 20, njia za spika milivolti 11 na 16. Kipimo kinachofuata kimepangwa Februari, mchana wa joto, kwa kuwa hiki kilifanyika Julai asubuhi na chumba kilikuwa nyuzi 18.